Kinga bila taa si kinga: Bukavu iache kusema kwamba mwanga ni wa matajiri

BUKAVU – Saa kumi ya usiku, kabla jogoo hajawika vizuri, barabara inayotoka Katana na Kavumu kupitia Mudaka imeshajaa watu. Kuna mwenye mikungu ya ndizi juu ya kinga, mwenye magunia ya makala, mwenye bido za kasiksi, na mwenye godoro na sufuria kwa sababu ameamua kurudi kwao au ameamua kukimbia tena. Wote wanaelekea mjini kabla soko halijafunguliwa. Karibu wote hawana taa, si mbele wala nyuma.

Mmoja akigongwa, habari inafika mjini ikiwa fupi sana: "Hakuwa na taa." Watu wanatikisa kichwa, wanapita. Neno hilo moja limekuwa kama kifuniko cha sanduku. Likishasemwa, hakuna anayeuliza kwa nini hakuwa na taa, nani alimwambia kwamba taa ni kitu cha matajiri, nani alimuuzia ile iliyozima siku ya tatu, na kwa nini kamyo iliyomgonga nayo ilikuwa na taa moja tu.

Kwa Kiswahili cha Bukavu, baiskeli inaitwa kinga. Kwa Kiswahili cha shuleni, kinga ni kitu kinachomlinda mtu asipatwe na mabaya, na kila mtoto anajua msemo kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Basi mji huu umekuwa na kinga ambazo hazikingi kitu. Na kitu kinachokosekana ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Bei yake ni ndogo kuliko ya tairi jipya, na ni ndogo sana kuliko siku moja ya hospitali.

Giza la saa kumi na mbili

Bukavu iko karibu na mstari wa ikweta. Hapa jua halina msimu wa kuchelewa. Mwaka mzima linazama karibu na saa kumi na mbili ya magaribi na linachomoza karibu na saa kumi na mbili ya asubuhi. Giza likianza, halisubiri. Mtu aliyetoka soko la Kadutu kukiwa na mwanga anaweza kufika Bagira usiku ukiwa umekwisha kuingia.

Mji huu unapakana na mto Ruzizi, ambao umeme wake unazalishwa tangu enzi za Wabelgiji. Lakini mkaaji wa Panzi, wa Cimpunda au wa Nkafu anajua idadi ya siku ambazo SNEL imempa umeme mwezi huu. Taa za barabarani ziko sehemu chache, na pale zilipo haziwaki kila usiku. Kwa hiyo mwenye kungojea barabara imulikwe ndipo asafiri salama, atangoja sana.

Sasa hesabu ambayo kila shofere na kila mwenye kinga angepaswa kuijua kwa moyo. Gari likienda kilometa 60 kwa saa, linakata mita 16 na zaidi kwa kila sekunde. Shofere akiona kitu mbele, anahitaji kama sekunde moja na nusu kabla mguu wake haujakanyaga breki. Hapo gari limeshaenda mita 25. Breki ikishika vizuri, kwenye lami kavu, linahitaji tena kama mita 20 ili lisimame. Jumla ni mita 45. Taa za chini za gari, zikiwa nzima na safi, zinamulika karibu mita 40.

Maana yake ni kwamba shofere mwenye macho mazuri, asiyelewa, mwenye gari zima, anayeenda kilometa 60 tu, hawezi kusimama kwa wakati mbele ya mtu aliyevaa koti jeusi juu ya kinga isiyo na taa. Na hiyo ni lami kavu. Kuanzia Septemba hadi Mei, mvua ikinyesha na udongo ukishuka kutoka milimani hadi barabarani, mita 45 zinaongezeka. Na kwa kamyo iliyopakia tani nyingi, inayoshuka escarpment ya Ngomo kuelekea Kamanyola, hesabu hiyo haitoshi hata kidogo.

Ndiyo maana wanaosema "mimi naona barabara, kuna mwezi" wanakosea swali. Taa ya kinga ina kazi mbili: kumwonesha mpanda kinga njia, na kuwaonesha wengine kwamba yeye yupo. Ya pili ndiyo inayookoa maisha, na ndiyo iliyo rahisi zaidi kununua.

Sheria ilisema zamani

Kuna wanaodhani kwamba taa kwenye kinga ni mambo ya Ulaya. Kongo imejiunga na mkataba wa kimataifa wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani, na ina sheria yake ya barabara tangu tarehe 30 Agosti 1978, sheria namba 78-022. Mkataba huo unataja kinga kwa maneno ya wazi: iwe na breki inayoshika, kengele inayosikika, kioo chekundu nyuma kinachorudisha mwanga, taa nyeupe au ya manjano mbele, na taa nyekundu nyuma.

Lakini sheria hiyo inakumbukwa lini? Inakumbukwa pale ambapo mtu anatafuta sababu ya kumsimamisha mwenye kinga na kumwomba "kitu kidogo". Hapo kila mtu ni mwanasheria. Ni lini mwenye kinga amesimamishwa ili aelezwe taa ipi inafaa, akanunue wapi, aifunge vipi? Faini imemfanya nani aonekane? Mwenye makala aliyetoa franka zake za siku kwenye kizuizi anaendelea na safari katika giza lilelile, na sasa hana tena pesa ya taa.

Biashara ya uongo

Tatizo la pili liko juu ya meza za Nyawera, za Nyamugo na za soko la Kadutu. Taa zipo, na nyingine ni nzuri. Lakini nyingi zinauzwa kwa maandishi ya uongo, na anayedanganywa ni yule ambaye hana pesa ya kununua mara ya pili.

Mfano unaojulikana ni betri ndefu ya kuchaji, ile yenye unene wa kidole gumba, inayotiwa ndani ya tochi nyingi. Juu yake imeandikwa 9900 mAh, yaani kipimo cha umeme inachoweza kuweka. Betri halisi ya ukubwa huo haifiki hata nusu ya namba hiyo. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuingiza umeme wote huo ndani ya kichupa kile. Aliyeandika 9900 anajua kwamba anadanganya. Betri nzuri inaandikwa 2000, 2500 au 3000 na kitu, na ikiwekwa mkononi ina uzito, karibu gramu 45. Ile ya uongo mara nyingi ni nyepesi kama karanga tupu.

Hivyo hivyo kwa maandishi ya nguvu ya mwanga. Tochi ya bei ya chini kabisa inayojigamba kuwa na mwanga wa maelfu haina mwanga huo. Na hata kama ingekuwa nao, ingemaliza betri kabla mtu hajatoka Kavumu kufika Mudaka. Mwanga mkali mno si rafiki wa barabarani: unampiga machoni motari anayekuja, naye akipofuka kwa sekunde mbili anaweza kumwingia yuleyule aliyemmulika.

Kuna pia zile taa za rangi: bluu, kijani, zambarau, zinazopepesa kama disko. Vijana wanazipenda, nazo zinapendeza harusini. Lakini barabarani rangi ni lugha. Nyeupe inasema "ninakuja", nyekundu inasema "ninaenda mbele yako, punguza". Mwenye taa nyeupe nyuma anamdanganya shofere, kwa sababu shofere anadhani kitu kinakuja kwake kumbe kinakimbia mbele yake. Taa ya bluu haisemi kitu chochote.

Wauzaji wengi hawana nia mbaya. Wameletewa katoni, wanauza katoni. Lakini kuna jambo moja wanaloweza kufanya bila hasara yoyote: kumruhusu mnunuzi ajaribu. Muuzaji anayekataa taa iwashwe mbele ya mteja amekwisha kutoa jibu kuhusu taa yake.

Mambo matano ya kujaribu mezani

Mnunuzi asiye na pesa nyingi hana nafasi ya kukosea. Kabla ya kutoa franka zake, afanye haya.

Kwanza, aiwashe na kuitikisa kwa nguvu. Barabara za Bukavu zina mashimo kuliko lami. Taa inayozimika ikitikiswa mkononi itazimika kwenye shimo la kwanza.

Pili, aangalie inavyofungwa. Kishikio cha plastiki nyembamba kinavunjika ndani ya wiki. Taa inayofungwa kwa mpira inafaa zaidi, kwa sababu mpira ukikatika, kipande cha mpira wa ndani wa tairi kuukuu kinachukua nafasi yake, na fundi wa kinga anacho bure.

Tatu, aangalie kifuniko cha mahali pa kuchajia au pa kutia mawe. Kama hakina mpira wa kuzuia maji, mvua ya Novemba itaingia. Mfuko mdogo wa plastiki unaopitisha mwanga unaweza kusaidia, lakini ni vizuri kujua mapema.

Nne, aulize mawe yake yanapatikana wapi. Taa nzuri inayotumia mawe ya kidonge kama ya saa inakuwa takataka pale mawe yanapokosekana. Mawe ya kawaida ya tochi au ya redio yanapatikana hadi katika vijiji vya Kalehe na Walungu.

Tano, aende hatua mia moja nayo, au amtume mtoto aende nayo ikiwa inawaka. Kama taa nyekundu haionekani vizuri kwa hatua mia mchana wa mawingu, au chini ya kibanda chenye giza, haitamwokoa mtu usiku wenye mvua.

Nini kinunuliwe kwanza

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Wanaanza na taa kubwa ya mbele kwa sababu ndiyo wanayoiona wao wenyewe. Kumbe anayekuja nyuma kwa kasi ndiye hatari wasiyoiona. Mwenye pesa ya taa moja tu anunue nyekundu ya nyuma. Tochi ya simu, au ile tochi ya kuvaa kichwani ambayo wengi wanayo tayari, inaweza kushika kazi ya mbele kwa muda, ikielekezwa chini.

Na asiye na pesa kabisa asikae bure. Nguo nyeupe au ya rangi ya kung'aa inaonekana mapema kuliko koti jeusi. Kioo chekundu cha nyuma kilichovunjika kutoka kwenye gari au moto kuukuu, kipande cha kitepe kinachorudisha mwanga, hata vipande viwili vilivyofungwa kwenye pedali, vinaonekana kutoka mbali kwa sababu pedali inapanda na kushuka, na jicho la mtu linavutwa na kitu kinachocheza. Vitu hivi havihitaji mawe wala umeme. Lakini vina udhaifu wake: vinawaka tu pale vinapomulikwa. Moto isiyo na taa haitaviona kamwe, na moto za namna hiyo ziko nyingi. Kwa hiyo kioo ni msaidizi wa taa, hakichukui nafasi yake.

Tena, taa ifungwe mahali inapoonekana. Wengi wanaifunga chini ya kiti, halafu wanapakia magunia mawili ya makala juu ya porte-bagage. Gunia linaifunika, na taa inamulika makala. Taa ya nyuma ifungwe mwisho wa mzigo, upande wa kushoto, kwa sababu Kongo inaendesha kulia na gari linapita kushoto. Kama mzigo ni mpana, kwa mfano godoro au mbao, taa ikae kwenye ncha inayotokea zaidi barabarani.

Dinamo, mawe au kuchaji?

Wazee wanasifu dinamo, na wana haki. Dinamo ya kawaida inayosuguliwa na tairi inatoa volti 6 na wati 3: sehemu kubwa inakwenda mbele, kidogo inakwenda nyuma. Haitaki mawe, haitaki SNEL. Katika bonde la Ruzizi, kutoka Kamanyola kwenda Luvungi na Sange, ambako ardhi ni tambarare na kinga ndiyo miguu ya watu, dinamo inafaa sana.

Lakini Bukavu si Sange. Bukavu ni milima. Mwenye mzigo anapanda kwa kusukuma, polepole, akiwa ameinama, na dinamo haitoi mwanga pale gurudumu linapozunguka polepole. Maana yake taa inakufa palepale ambapo mtu anakwenda polepole zaidi na anachukua nafasi kubwa zaidi barabarani. Akisimama kupumua, ni giza kabisa. Mvua ikinyesha, dinamo inateleza juu ya tairi. Kwa hiyo mwenye dinamo katika mji huu bado anahitaji taa ndogo nyekundu inayojitegemea.

Basi abaki na mawe au kuchaji. Hapa watu wanatazama bei ya siku ya kwanza tu. Tufanye hesabu ya mfano, kila mtu aweke bei za soko lake. Tuseme taa ya mawe ni franka 3000, na inakula mawe ya franka 1000 kila wiki. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo mawe peke yake ni franka 52,000. Tuseme taa ya kuchaji ni franka 12,000, na kuichaji kwa mwenye paneli ya jua ni franka 200 mara mbili kwa wiki. Mwaka mzima ni franka 20,800, pamoja na bei yake jumla ni 32,800. Ile iliyoonekana ghali imekuwa nafuu. Na kama familia ina paneli yake ndogo, hesabu inakuwa rahisi zaidi.

Lakini mwenye mawe naye ana njia ya kupunguza. Taa nyekundu ya nyuma inayopepesa inakula umeme kidogo sana, na mawe mawili madogo yanaweza kuishi makumi ya saa. Ni ile ya mbele, inayowaka mfululizo kwa nguvu zote, ndiyo inayokula. Kwa hiyo nyuma mawe, mbele ya kuchaji: kwa wengi huo ndio mpango wa pesa kidogo unaofaa.

Kwa familia zilizohama

Kwa familia zilizoacha nyumba zao, zile zinazokaa kwa ndugu, shuleni, kanisani au katika chumba kimoja cha kupanga, taa si ya kinga peke yake. Taa ileile inapikia, inampeleka mtoto chooni usiku, inamsindikiza mama kisimani. Kwa hiyo inayofaa ni ile inayotoka kwenye kinga kwa urahisi na kuingia nyumbani. Hiyo inajibu pia wale wanaosema taa itaibiwa: taa inayong'oka inalala mfukoni.

Lakini nyumba iliyojaa watu ina hatari zake. Betri ya kuchaji iliyovimba, iliyobonyea au iliyotoboka isichajiwe tena, na hakuna betri inayopaswa kuchajiwa usiku juu ya godoro watoto wakiwa wamelala. Mawe ya kidonge ndiyo mabaya zaidi kwa watoto wadogo: mtoto akimeza moja, linaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Mtoto akimeza, ni kukimbia hospitali mara moja, bila kungoja aanze kulia. Na mawe yaliyokufa yasitupwe motoni, hata kama moto wa mbabula uko karibu.

Wanaoleta misaada nao wasikilize. Vifurushi vinakuja na turubai, ndoo, sabuni, blanketi. Ni vizuri. Lakini familia iliyopewa blanketi na kuachwa ivuke barabara kuu gizani na mzigo kichwani haijalindwa. Taa moja ya jua yenye uwezo wa kufungwa kwenye kinga, na mita moja ya kitepe kinachorudisha mwanga, vinaingia katika ndoo ileile bila kuongeza uzito unaohisika.

"Nikiwasha taa, wataniona"

Kuna pingamizi moja ambalo halifai kuchekwa. Mtu wa Kalehe, wa Walungu au wa Kabare atasema: "Nikiwasha taa, gari litaniona, ndiyo. Lakini na mwenye bunduki ataniona." Tangu Februari 2025, mji ulipobadilisha mikono, na hata miaka mingi kabla yake, watu wamejifunza kwamba giza ni blanketi. Anayemwambia mtu huyo kwamba ni mjinga hajatembea njia yake.

Jibu la kweli lina sehemu mbili. Ya kwanza: pale ambapo hofu ya silaha ni kubwa kuliko hofu ya gari, shauri la kwanza ni kutosafiri usiku ikiwezekana, na kama haiwezekani, kusafiri kwa kundi. Hakuna taa ya soko lolote inayotatua ukosefu wa usalama, na anayeuza taa kwa ahadi hiyo ni mwongo. Ya pili: barabara kuu yenye makamyo na moto si njia ya msituni. Pale gari ndilo linaloua, na pale giza si blanketi bali ni sanda. Mwenye taa anaweza kuizima akiacha barabara kuu, naye ndiye anayejua njia yake. Asiye na taa hana la kuchagua.

Na akikaribia kizuizi, chochote kile, cha mtu yeyote yule, apunguze mwendo, aelekeze taa chini, asimmulike mtu usoni. Tochi ya kichwani inasahaulika kirahisi, kwa sababu inamulika kila anapotazama. Ni bora aivue aishike mkononi.

Mzigo usibebwe na maskini peke yake

Ni rahisi kumwambia mwenye kinga anunue taa, halafu kwenda kulala. Huo ndio uvivu ambao mji huu umeuzoea. Mwenye kinga ndiye dhaifu kuliko wote barabarani na ndiye anayeombwa afanye yote.

Wenye makamyo wana deni. Kamyo yenye taa moja usiku inaonekana kama moto. Mwenye kinga anaipisha nafasi ya moto, kumbe upande wa pili kuna chuma. Bei ya balbu moja si kitu mbele ya bei ya mzigo mmoja wa simiti.

Vyama vya motari vina deni. Vinajua kukusanya pesa ya kila siku na kuwasaidia wanachama wakifiwa. Vinaweza pia kusema kwamba moto isiyo na taa haitoki magaribi. Motari na mpanda kinga ni ndugu wa barabara moja: wote wako nje, bila chuma cha kuwazunguka, na wote wanazikwa na jamaa zilezile.

Wenye kununua makala na ndizi kwa jumla wana deni pia. Ni wao wanaotaka mzigo ufike Bukavu kabla ya saa kumi na mbili ya asubuhi ili bei isianguke. Saa hiyo wameichagua wao, lakini hatari yake wamemwachia mwingine. Wanaweza kununua taa nyekundu kumi kwa pamoja, kwa bei ya jumla, na kumkata kila mbebaji kidogo kidogo. Hata kikundi cha akina mama cha likilimba kinaweza kufanya hivyo: wiki hii taa ya mmoja, wiki ijayo ya mwingine, na baada ya miezi miwili njia nzima inawaka.

Na wenye mamlaka, kwa jina lolote wanalojiita na kwa bendera yoyote, wasidai faini ya taa kwa mtu ambaye hawajamwonesha taa. Kama wanataka kinga zionekane, waanze na mashimo ya barabara na kamyo zenye jicho moja.

Neno la mwisho kwa mwenye kinga

Hata hivyo, mpanda kinga asikae kungoja wote hao waamke. Wengine watachelewa, wengine hawataamka. Kabla ya jua kuzama wiki hii, kuna mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa karibu kila mtu kati ya Katana na Kamanyola: kitu cheupe mgongoni, kioo chekundu au kitepe nyuma ya mzigo, taa ndogo nyekundu inayopepesa upande wa kushoto, na breki zilizoangaliwa na fundi kabla ya kushuka mlima.

Halafu saa kumi ya usiku, shofere anayetoka Kavumu ataona mbele yake nukta nyekundu. Ataona ya pili, ya tatu, msululu mzima wa nukta zinazopanda kuelekea mjini. Hatajua nani anabeba ndizi na nani anabeba godoro la kukimbia vita. Lakini atajua kwamba kuna watu, na mguu wake utaacha mafuta mita mia moja mapema.